Chembe Inayotupa Kiini Chake

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi na wazazi wa shule moja ya sekondari wilayani Ilemela, Mwanza, katika siku yao ya sayansi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mliokaa juu ya mawe kule nyuma kwa sababu viti havikutosha: mwangaluka!

Asanteni. Hapo nimejua niko nyumbani.

Niliombwa nije kuzungumza juu ya seli na sehemu zake. Asubuhi nilipita darasa la kidato cha kwanza, nikaukuta ukutani mchoro uleule niliousoma mimi: duara kubwa, kiduara cheusi katikati, vitu kama maharage, mistari iliyojikunjakunja, na mishale yenye majina. Nikamwomba binti mmoja anitajie kazi za sehemu zile. Akazitaja zote kwa pumzi moja, hakukosea hata moja, kama kondakta anayeita vituo kutoka Buzuruga mpaka Kisesa. Nikamuuliza: chembe nyekundu ya damu yako ina kiini? Akanyamaza. Akageuka kuutazama mchoro, na mchoro haukumsaidia.

Haina. Chembe nyekundu ya damu, ikishakomaa, haina kiini, haina mitokondria, haina ribosomu. Na hiyo ndiyo seli iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwako. Ukizihesabu seli zote za mtu mzima, zaidi ya nusu ni hizo. Kwa hiyo mchoro ule, ambao mtaulizwa kwenye mtihani na mnapaswa kuujua, hausemi chochote juu ya seli zilizo nyingi kabisa ndani yenu. Simlaumu aliyeuchora. Mchoro ni kama mtumbwi uliofungwa ufukweni: utaziona mbao zake na kasia zake, lakini uvuvi hutauona mpaka uingie majini. Leo nataka tuingie majini. Tuifuate chembe moja ya damu tangu inapozaliwa hadi inapokufa, na sehemu za seli tutakutana nazo njiani, kila moja ikiwa kazini.

Mimi nimefanya kazi katika maabara za hospitali kwa miaka 22. Kazi yangu ni kutazama damu. Pale mezani chini ya mwembe nimeweka hadubini mbili na slaidi nne: moja ina maji ya ziwa niliyochota leo alfajiri Kirumba, ya pili ina ngozi ya kitunguu, ya tatu damu ya sato niliyemnunua soko la samaki la Mwaloni, na ya nne damu ya mtu. Tutazifikia.

Nianze na maji ya ziwa. Mwaka 1674 mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alichota maji ya ziwa dogo lililokuwa karibu na mji wake, akayatazama kwa lenzi aliyoisugua mwenyewe. Akakuta yamejaa viumbe vinavyokwenda huku na huko. Hakuwa profesa, alikuwa muuza nguo mwenye subira na macho mazuri. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale walioko hapa wanaodhani sayansi ni ya watoto wa watu fulani.

Katika tone letu mkibahatika mtamwona paramisiamu, kiumbe mwenye umbo la wayo wa kandambili. Mwili wake mzima ni seli moja. Anakula, anaogelea, anazaa, yote ndani ya seli hiyo. Sasa ziwa letu ni maji baridi, chumvi yake ni kidogo sana, ilhali ndani ya paramisiamu kuna chumvi na protini tele. Matokeo yake ni kwamba maji yanapenya kuingia ndani yake usiku na mchana, hayangoji kukaribishwa. Mliokwenda kuvua dagaa usiku mnaujua mtumbwi unaovuja: lazima mtu mmoja akae na kopo, achote na kumwaga nje, achote na kumwaga nje, na akisinzia mmezama wote. Paramisiamu naye ana kopo lake. Ni vakuoli, kifuko kinachojaa maji, kinajikamua nje, kisha kinaanza kujaa upya. Ukitulia utakiona kikifumba na kufumbua kama jicho. Kikisimama, kiumbe yule anavimba na kupasuka.

Maji hayo yanapita wapi? Hapa tunakutana na sehemu ya kwanza, na kwangu mimi ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwa sababu kwenye mchoro ni mstari tu: utando wa seli. Ni mwembamba kiasi kwamba tando 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine ndipo zinakaribia unene wa unywele. Umeundwa kwa matabaka mawili ya mafuta, na ndani ya mafuta hayo zimechomekwa protini ambazo nyingine ni milango, nyingine ni pampu, nyingine ni vitambulisho. Kundi lako la damu, lile A au B au O unaloandikiwa kwenye kadi, ni alama za sukari zilizosimama juu ya utando huu. Na kwa kuwa mafuta na maji hayapatani, jambo ambalo kila anayepika analijua, wataalamu walikaa muda mrefu wakijiuliza maji yanapitaje kwa kasi namna ile. Jibu lilitoka ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwaka 1992 Mmarekani Peter Agre na wenzake walionyesha kwamba protini moja iliyomo katika utando wa chembe hizo ni mlango wa maji. Mwaka 2003 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi hiyo.

Mama zetu wanaotia sangara chumvi kutengeneza kayabo wanaitumia elimu hiyohiyo kwa upande wa pili. Chumvi ikiwa nyingi nje, maji yanatoka ndani ya seli za samaki na kuchuruzika chini ya rundo. Na yanatoka vilevile ndani ya bakteria waliokuja kumwozesha. Bakteria aliyenyang'anywa maji hana nguvu ya kuozesha kitu. Na ndiyo sababu dripu mnayoiona hospitali si maji matupu, ina gramu 9 za chumvi katika kila lita. Maji matupu yakimwagwa kwenye mshipa, chembe nyekundu zitakazokutana nayo zitapasuka, kwa kuwa hazina kopo la paramisiamu. Kitunguu chenyewe hakipasuki hata ukikiloweka, maana seli ya mmea ina ukuta mgumu nje ya utando, na ndani ina vakuoli kubwa iliyojaa maji inayousukuma ukuta huo. Mchicha uliolegea sokoni saa nane mchana umepoteza maji ya vakuoli. Mama akiunyunyizia, unasimama. Kuta hizo ndizo alizoziona Mwingereza Robert Hooke mwaka 1665 katika kipande cha gome, akaziita vyumba, na jina hilo la vyumba ndilo seli tunalolitumia mpaka leo. Lakini gome lilikuwa limekufa. Aliona nyumba, wenyewe walikuwa wameshaondoka.

Sasa twende kwenye uloto, ule mnono ulio ndani ya mfupa ambao wengi wenu huugonga kwenye sahani ili utoke. Ndani ya uloto wa mtu mzima zinazaliwa chembe nyekundu zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Kila sekunde! Chembe changa inayozaliwa humo ina kila kitu kilicho katika mchoro wenu.

Ina kiini. Vitabu vingi vinakiita ubongo wa seli, na mimi neno hilo silipendi. Ubongo unafikiri na kuamua. Kiini kinafanana zaidi na sanduku ambamo mzee wa ukoo ametunza hati zote: hati zenyewe hazitoki, anayezihitaji anakwenda kunakili. Hati hizo ni DNA, zimefungwa katika kromosomu 46. Ukizinyoosha na kuziunga, DNA ya seli moja inafika mita 2 hivi, na imekunjwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni mikromita chache tu, nawe ungehitaji mikromita 1,000 kupata milimita moja. Maandishi yake yana herufi nne, A, T, G na C. Zipo takribani bilioni 3 ulizopewa na baba na bilioni 3 ulizopewa na mama.

Chembe changa inataka kutengeneza hemoglobini, ile protini inayoifanya damu iwe nyekundu na inayobeba oksijeni. Katika kromosomu ya 11 kuna ukurasa wa sehemu ya hemoglobini iitwayo beta-globini. Ukurasa huo unanakiliwa kwenye RNA mjumbe, na nakala inapita katika vitundu vya utando wa kiini na kutoka nje, kwenye saitoplazimu, ule uji mzito ambamo sehemu zote nyingine zimekaa. Huko inapokelewa na ribosomu. Ribosomu ni fundi asiye na maswali. Inasoma nakala herufi tatutatu, na kila herufi tatu zinaitajia amino asidi moja, yaani tofali moja la protini, ya kuunga, mpaka mnyororo wa amino asidi 146 ukamilike. Kumbukeni neno hilo: fundi asiye na maswali. Nitalirudia.

Hapa wenye kukariri wataniuliza: na zile mifereji ya endoplazimiki retikulamu, na Golgi? Hemoglobini haizipitii, maana inabaki ndani ya seli ileile iliyoitengeneza. Zile ni za protini zinazosafiri. Mkitaka kuziona kazini, mshikeni kambale. Kwa nini anateleza mkononi? Ngozi yake ina seli zinazotengeneza ute: ribosomu zilizokaa juu ya mifereji ile huunga protini, protini huingia ndani ya mfereji na kukunjwa sawasawa, kisha hupelekwa Golgi ambako huongezewa sukari na kufungashwa katika vifuko, na vifuko husogea hadi kwenye utando na kumwagwa nje. Golgi ni jina la daktari wa Italia, Camillo Golgi, aliyeiona mwaka 1898. Kamongo anayejifukia kwenye tope wakati wa kiangazi na kujizungushia gamba la ute, naye anaishi kwa kazi ya sehemu hii.

Turudi kwenye uloto. Mnyororo wa globini peke yake haubebi oksijeni. Unahitaji chuma, na chuma kinakaa katikati ya kipande kinachoitwa himu. Na himu inatengenezwa wapi? Hatua ya kwanza inafanyika ndani ya mitokondria, hatua za katikati zinafanyika nje katika saitoplazimu, na hatua za mwisho zinarudi ndani ya mitokondria, ambako chuma hupachikwa. Wanafunzi, mmekariri kwamba mitokondria ni mtambo wa umeme wa seli, kwamba inachoma chakula kwa oksijeni na kutoa nishati iitwayo ATP. Ni kweli kabisa. Ila isiwe ndilo jambo pekee mnalolijua kuihusu. Mama mjamzito anapopewa kliniki vile vidonge vya kuongeza damu, chuma anachokimeza mwisho wa safari yake ni ndani ya mitokondria za chembe changa za uloto wake.

Na mitokondria ina historia. Ina DNA yake yenyewe, iliyo mbali na ile ya kiini, na ina tando mbili. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Marekani, Lynn Margulis, alichapisha hoja kwamba hapo zamani sana ilikuwa bakteria aliyeishi peke yake, akaingia ndani ya seli nyingine, na badala ya kuliwa akabaki kama mpangaji asiyehama. Alipingwa sana. Leo jambo hilo linafundishwa kila mahali, na kwa kloroplasti pia, ile sehemu ya kijani ya seli za majani inayotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari. Mnaijua ile rangi ya kijani inayotanda juu ya maji ya ghuba yetu siku za joto zisizo na upepo, ambayo mnaambiwa msiwape mifugo maji yake? Nyingi ni sianobakteria, viumbe vya seli moja visivyo na kiini, na baadhi yao wana sumu inayodhuru ini. Kloroplasti zilizomo katika jani la mhogo na la mahindi zimetokana na jamaa wa hao sianobakteria. Kijani cha ziwani na kijani cha shambani ni ukoo mmoja.

Samahani, nimetoka njiani, lakini jambo hili kila ninapolifikiria linanifurahisha upya.

Chembe yetu sasa imeshiba hemoglobini. Ndani yake mna molekuli za hemoglobini zipatazo milioni 270, kila moja ina minyororo minne na chuma nne. Ndipo inapofanya jambo ambalo nimelieleza mara nyingi na bado mwili unanisisimka: inakisukuma kiini chake pembeni, inakibana, na kukitupa nje. Seli za ulinzi zilizo karibu, zile kubwa zinazomeza takataka, zinakimeza kiini kile na kukiyeyusha ndani ya lisosomu. Lisosomu ni vifuko vya vimeng'enya vikali, vilivyotambuliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Ndimo seli inamosaga kilichochakaa na kilichomezwa. Chembe changa inaingia kwenye damu ikiwa bado na mabaki ya ribosomu na mitokondria, na kwa muda wa siku moja au mbili inayamaliza hayo nayo.

Inapata nini kwa kujivua hivyo? Inapata nafasi na wepesi. Inakuwa kisahani chenye kibonyeo pande zote mbili, upana wake mikromita 7 au 8, kinachoweza kujikunja na kupenya kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko chenyewe. Na kwa kuwa haina mitokondria, haitumii hata chembe ya oksijeni inayoibeba. Wachukuzi wa Mwaloni wanabeba ndoo za dagaa kichwani kutwa nzima, na mwaminifu wao hadokoi. Chembe nyekundu ni mchukuzi wa namna hiyo. Yenyewe inajipatia nishati kidogo kwa kuvunja sukari bila oksijeni.

Lakini kiini kikishatupwa hakuna tena pa kunakili. Utando ukichanika, protini ikichakaa, hakuna hati, hakuna fundi. Inaishi kwa akiba. Baada ya siku 120 hivi inakuwa ngumu, na inapopita kwenye bandama inakamatwa, inamezwa, chuma chake kinatolewa na kurudishwa kwenye uloto. Sato yeye hakufuata njia hii. Chembe zake nyekundu zina kiini mpaka mwisho, nanyi mtakiona wenyewe.

Sasa nawaomba mtulie kidogo, hasa wazazi.

Ukurasa wa beta-globini, mahali pa sita, kwa kawaida unasomeka GAG. Wako watu ambao pao panasomeka GTG. Herufi moja, A, imekuwa T. Fundi asiye na maswali anasoma nakala ya GTG na kuunga valini mahali ilipotakiwa asidi ya glutamiki. Hajakosea, amefanya alichoandikiwa. Mnyororo una amino asidi 146 na iliyobadilika ni moja. Valini inayakimbia maji. Hemoglobini ya aina hii inapokwisha kutoa oksijeni, inajishikiza kwa jirani yake, na huyo kwa jirani yake, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu ndani ya chembe. Kamba zinausukuma utando kutoka ndani. Utando unaharibika, milango na pampu zake zinavurugika, chembe inapoteza maji, inanyauka na kupinda kama mundu. Ndiyo selimundu. Haiwezi tena kujikunja ipite. Inakwama kwenye kimshipa, nyingine zinakwama nyuma yake, na mbele ya kizuizi hicho nyama na mfupa vinakosa oksijeni. Na badala ya kuishi siku 120, inaishi siku 10 hadi 20, kwa hiyo uloto hauwahi kufidia na mtoto anaishi na upungufu wa damu.

Mdogo wangu, aliyenifuata, alikuwa hivyo. Hajatimiza mwaka, vidole vya mikono na miguu vilivimba. Macho yake yalikuwa ya njano. Usiku wa mvua, baridi ikishuka, alikuwa analia kwa maumivu ya mifupa mpaka sauti inakatika, na mama anatembea naye chumbani hadi kunapambazuka. Katika zahanati tuliyokuwa tukimpeleka, kila safari alipewa dawa ya malaria na kurudishwa nyumbani. Hakuna aliyewahi kuipaka damu yake kwenye kioo na kutazama umbo la chembe zake. Nyumbani kwetu jibu lilikuwa limeshapatikana: alitajwa mama mmoja jirani. Mdogo wangu alifariki akiwa na miaka sita, na tangu siku ya msiba hatukusalimiana tena na mama yule.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwanafunzi wa maabara, tulipewa slaidi za mazoezi. Niliweka jicho, nikasogeza slaidi, nikaona mundu. Nikaona mwingine. Nikakumbuka vidole vya mdogo wangu. Nilimaliza kuhesabu kwa sababu mwalimu alikuwa anangoja, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Likizo ilipofika niliwasihi baba na mama wakapimwe. Kila mmoja alikuwa na ukurasa mmoja mzima na mmoja wenye herufi ile. Wote wawili ni wazima, hawajawahi kuumwa kwa ajili yake. Nikamchorea mama mchoro huu wenu, sakafuni, kwa chaki. Nikamwonyesha kiini, nakala, ribosomu, utando. Akatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo yule mama hakufanya kitu?" Nikamwambia, mama, hakufanya kitu. Kesho yake asubuhi alijaza ndoo ya mahindi, akajitwisha, akaenda kwa jirani. Walichozungumza sikuuliza.

Na herufi ile haikuja kwetu kwa laana. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Akaona kwamba wenye kinasaba hiki ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache sana nyanda za juu zenye baridi. Akajiuliza pwani na ziwani kuna nini ambacho milimani hakuna. Jibu lake alilichapisha mwaka 1954: mbu na malaria. Mtoto mwenye ukurasa mmoja tu wa herufi ile anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, kwa kuwa kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu, na ndani ya chembe za mtoto huyo hakistawi vizuri. Kwa hiyo kwa vizazi vingi herufi ile iliwabakiza hai watoto wa kando ya ziwa hili. Mzigo unamwangukia aliyepewa kurasa mbili zenye herufi hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Naye hana kinga hiyo, malaria inamuumiza vibaya sana. Wazazi wote wawili wakiwa na ukurasa mmoja mmoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa hivyo. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wengi zaidi.

Mdogo wangu angezaliwa leo, angeweza kupimwa damu akiwa mchanga kwa tone la kisigino. Angepewa kinga ya penisilini, foliki asidi, chandarua, na dawa ya hidroksiyurea. Dawa hiyo inafanya jambo la ajabu ambalo sasa mtalielewa. Mtoto akiwa tumboni hatumii ukurasa wa beta, anatumia ukurasa mwingine, na hemoglobini inayotoka humo haijishikizi kuwa kamba. Baada ya kuzaliwa ukurasa ule hufungwa. Hidroksiyurea inaufungua tena kwa sehemu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba inayoingia ndani kabisa ya kiini cha seli mama za uloto na kukata swichi inayoufunga ukurasa huo. Bei yake kule Marekani inapita dola milioni 2, na bei hiyo inaniumiza. Hapa kwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Na Hospitali ya Bugando, pale mlimani mnapopaona kila siku, ipo kliniki yao. Mzazi mwenye mtoto wa vidole vinavyovimba na macho ya njano asiishie dirisha la dawa. Aombe hemoglobini ipimwe aina yake. Atamke hivyohivyo: aina ya hemoglobini.

Twende kwenye hadubini. Anzeni na sato: zile chembe zina umbo la yai, na doa jeusi katikati ndilo kiini. Kisha mhamie slaidi ya nne. Damu hiyo ni yangu, nimejichoma kidole asubuhi. Mtakayoyaona ya zambarau hapa na pale ni chembe nyeupe, hizo viini vyake zinavyo. Kwenye nyekundu tafuteni kiini, tafuteni sana, hamtakipata. Mtaziona za mviringo, zimetulia, hazina kasoro. Na karibu asilimia 40 ya hemoglobini iliyomo ndani yake ni ya ile herufi, maana mimi pia nina ukurasa mmoja, kama mama, kama baba.

Skrubu kubwa msiiguse, slaidi itavunjika. Tumieni ile ndogo, taratibu. Kidato cha kwanza watangulie, na yule binti wa asubuhi awe wa kwanza.